Mtoko wa Nyutroni na Mkondo wa Pamoja: Kipimo kama Msingi wa Istilahi za Fizikia ya Nyuklia katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika kueleza upimaji wa nyutroni zitokazo katika migongano ya viini vizito vya atomi, pamoja na mwendo wa jumla wa chembe ambao wanafizikia huusoma kutokana na nyutroni hizo. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi ya sayansi haiwezi kuundwa kwa kulitazama neno la lugha chasili peke yake. Sharti mwundaji ajue kwanza chombo kinapima nini na kinakipimaje. Mifano imechukuliwa katika majaribio yaliyofanyika Berkeley na Darmstadt na, kwa upande wa nyumbani, katika suala la urani ya mkoa wa Ruvuma.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi katika Kiswahili sasa ina historia yake. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vilianza kusambazwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi yake ya msingi ya ufundi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo tangu mwaka 2009 imo ndani ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno kama atomi, ioni, protoni, elektroni na nyutroni hayamshtui tena mwanafunzi wa leo. Yamekwisha kupata ngeli, yamekwisha kupata wingi, na yanaambishwa kama maneno mengine ya ngeli ya N.

Hata hivyo, orodha ya maneno si lugha ya sayansi. Neno lililo katika orodha bado halijafanya kazi. Halijaingia katika sentensi yenye kitenzi, yambwa na kielezi, wala halijabishana na jirani yake. Udhaifu wa orodha zetu huonekana pale mtu anapojaribu kueleza, kwa aya tatu au nne mfululizo, jaribio moja la kweli lilivyofanyika. Hapo ndipo anapogundua kwamba nomino anazo, ila vitenzi vimemkimbia.

Haja ya kuandika makala haya ilidhihirika katika mafunzo niliyoyatoa kwa walimu wa sayansi wa shule za sekondari huko Mbesa, mkoani Ruvuma. Mada iliyopangwa ilikuwa uundaji wa istilahi kwa jumla. Suala la nyutroni sikulipeleka mimi. Lililetwa na walimu wenyewe, nao walikuwa na sababu. Wazazi wa wanafunzi wao walikuwa wakiwauliza kuhusu urani, na walimu walitaka kujua wajibu kwa maneno gani. Swali moja hasa lilinikaa akilini: ikiwa nyutroni haina chaji ya umeme, na ikiwa vyombo vyote huhisi chaji, chombo kinaijuaje? Mwenye kuuliza hivyo amekwisha kuingia katika fizikia ya nyuklia, na mwanaisimu hana budi kumfuata huko.

2.0 Nyutroni za Ruvuma na nyutroni za maabara

Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, imezungumzwa sana. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kubadilishwa kwa mpaka wa Pori la Akiba la Selous ili eneo la madini hayo liwe nje ya hifadhi, na mwezi Julai 2025 kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kilizinduliwa huko. Msimamizi wa usalama wa shughuli za aina hiyo ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. (Hata jina la Tume lina fundisho lake: vitabu vya fizikia husema nishati, ilhali sheria na magazeti husema nguvu. Wananchi wamefuata magazeti.)

Neno linalotawala katika mazungumzo hayo yote ni mionzi. Mionzi ya hospitali, mionzi ya jua, mionzi ya urani: yote ni mamoja. Ni kweli kwamba msikilizaji anahitaji neno la jumla, lakini neno la jumla linapobaki peke yake huzaa hofu isiyo na kipimo au, vibaya zaidi, utulivu usio na kipimo. Tutazame kilo moja ya urani-238. Katika kila sekunde moja, viini vyake milioni 12.4 hivi huachia chembe za alfa. Katika sekunde hiyo hiyo, viini kama saba tu hupasuka vyenyewe, na kila kinachopasuka huachia nyutroni mbili kwa wastani. Jumla yake ni nyutroni kumi na nne hivi. Chembe za alfa huzuiwa hata na karatasi, lakini zikiingia mwilini kwa vumbi ni hatari. Nyutroni hupenya, lakini hapa ni chache mno. Mwalimu anayetumia neno mionzi kwa vyote viwili hawezi kumweleza mzazi kwa nini mchimbaji anahimizwa kuziba pua kwa sababu ya vumbi wala hatajiwi nyutroni hata kidogo.

Katika maabara za migongano ya ioni nzito hali ni nyingine kabisa. Kiini cha dhahabu kina protoni 79 na nyutroni 118. Viini viwili vya dhahabu vikikutana uso kwa uso, nyutroni 236 zinahusika katika tukio lenye muda wa takriban sekunde moja iliyogawanywa kwa 10 yenye kipeo cha 22, na nyingi kati yake hutoka huru. Neno tutakalolichagua kwa kutoka huko halina budi kustahimili pande zote mbili: nyutroni kumi na nne za kilo ya urani na mamia ya nyutroni za mgongano mmoja.

3.0 Kutoa, kutoka na mtoko

Fasiri ya kwanza inayomjia mtu ni utoaji wa nyutroni. Ni fasiri sahihi kisarufi, na imetumika. Lakini -toa ni kitenzi elekezi, kinadai mtenda. Nani anatoa? Katika kiini cha urani kinachopasuka, au katika viini viwili vya dhahabu vilivyogongana, yule anayedhaniwa kuwa mtoaji hayupo tena baada ya tendo. Kiini hakitoi nyutroni kama mfadhili atoavyo sadaka, akabaki. Kinavunjika, na nyutroni ni sehemu ya kuvunjika kwake. Aidha, utoaji umekwisha kubeba mizigo mingi: utoaji wa huduma, utoaji mimba, utoaji wa vyeti.

Kitenzi -toka hakidai mtenda. Kinataka chanzo tu na njia. Kutokana nacho tunapata utokaji, unaosisitiza mwendelezo wa tendo, na mtoko, unaolitaja tukio lenyewe kama kitu kinachoweza kuhesabiwa. Kwa kuwa kipimo ni hesabu (nyutroni ngapi, kwa pembe ipi, zikiwa na nishati gani), ninapendekeza mtoko wa nyutroni. Najua kwamba vijana wa Dar es Salaam hulitumia neno mtoko kwa matembezi ya jioni. Sioni madhara. Istilahi nyingi za Kiswahili zinaishi nyumba moja na maneno ya mtaani, wala hazigombani.

Walimu wa Mbesa walitoa mapendekezo mawili mengine, mmwagiko na mchomoko. La kwanza lina ubora wa kuonyesha wingi, lakini kumwagika ni kwenda chini na ni kwa bahati mbaya. La pili lilinivutia: kuchomoka ni kutoka kwa ghafla mahali palipobana. Lingefaa kwa nyutroni moja inayotoka kabla wenzake hawajatulia, na huenda siku moja mwanafizikia akalihitaji kwa maana hiyo finyu.

4.0 Kupima kisicho na chaji

Turudi sasa kwenye swali la chombo. James Chadwick aliitambua nyutroni mwaka 1932, na hakuitambua kwa kuiona, bali kwa kuona protoni zilizorushwa nayo. Njia hiyo haijabadilika katika misingi yake. Chembe yenye chaji ikipita ndani ya mata huziondoa elektroni njiani, ikaacha alama. Nyutroni hupita kimya. Hujulikana pale tu inapokipiga kiini fulani ndani ya chombo, na kile kilichopigwa, ambacho kina chaji, ndicho kinachotoa habari.

Chombo chenyewe kwa kawaida ni bamba la plastiki ya aina maalumu, ambayo hutoa mmeto wa mwanga mara tu chembe yenye chaji inapopita ndani yake. Mmeto huo hupokewa na mirija inayogeuza mwanga kuwa mpigo wa umeme. Huko Darmstadt, Ujerumani, kigunduzi kikubwa cha nyutroni kilichojengwa kwa ajili ya kazi hii kilikuwa na eneo la mita 2 kwa 2 na kina cha mita 1, ndani yake zimepangwa safu za chuma na plastiki kwa zamu. Chuma huongeza uwezekano wa nyutroni kugonga. Plastiki husema kwamba imegonga. Hata hivyo baadhi ya nyutroni hupita zikaenda zake, na mtafiti hana budi kujua ni sehemu gani ya nyutroni chombo chake hukamata.

Kwa kuwa kinachopatikana si chembe yenyewe bali habari yake, kigunduzi ni neno bora kuliko kinasa au kipokezi. Kinasa hunasa kitu chenyewe, kama kinasa sauti. Kipokezi hupokea kilichotumwa. Kugundua ni kufahamu kuwapo kwa kitu kutokana na dalili zake, na ndivyo hasa inavyokuwa.

Nishati ya nyutroni hupatikana kwa saa. Mwanafizikia huandika wakati mgongano ulipotokea na wakati plastiki ilipotoa mmeto. Tofauti yake ni muda wa safari. Mtu anayefasiri neno kwa neno atasema muda wa kuruka, lakini nyutroni hairuki. Haina mbawa wala haipandi juu. Inasafiri. Katika umbali wa mita 10, mwanga hutumia nanosekunde 33.4. Nyutroni yenye nishati ya mwendo ya MeV 400 hutumia 46.8 hivi, na yenye MeV 100 hutumia karibu 78. Mgongano hutoa pia mwanga usioonekana wa nishati kubwa, nao hufika kwanza. Kwa sababu hiyo wakati wake ndio unaotumika kuisawazisha saa.

Iko taabu moja ambayo istilahi yake ilizua mjadala mrefu. Nyutroni haifiki kwenye kigunduzi kwa njia iliyonyooka tu. Nyingine hugonga sakafu, kuta, au hata hewa, kisha hugeuka na kuingia katika chombo kwa kuchelewa, zikijifanya nyutroni za nishati ndogo. Ili kuzijua, watafiti huweka kizuizi kinene cha chuma katika njia ya moja kwa moja kati ya shabaha na kigunduzi. Kile ambacho bado kinafika, ingawa njia imezibwa, si halali. Hesabu yake hutolewa katika jumla. Kamusi ingetuelekeza kwenye neno usuli, kwa kuwa ndilo linalofasiri neno lile la Kiingereza katika tasnifu zetu. Lakini usuli ni asili na chimbuko la jambo, na nyutroni hizi ni kinyume cha chimbuko: ni zile ambazo chimbuko lake la kweli limepotea. Mwalimu mmoja aliziita nyutroni doezi, kwa sababu zinafika kwenye sahani bila kualikwa. Darasani neno hilo halitasahaulika, na simlaumu anayelitumia huko. Kwa maandishi ya kitaaluma ninatumia nyutroni za kando.

5.0 Kugonga, kugongana na kupishana

Katika mtambo wa Bevalac uliokuwa Berkeley, California, hadi ulipofungwa mwaka 1993, mwale wa ioni uliochapuzwa ulielekezwa kwenye shabaha iliyotulia. Kwa macho ya mtu aliyesimama maabara, basi, kimoja kinagonga na kingine kinagongwa. Kiswahili kinaitofautisha hali hiyo na kugongana kwa kiambishi kimoja tu, -an-. Je, ni haki kusema mgongano wa viini?

Ni haki, kwa sababu ya kimahesabu. Mwanafizikia hazichambui data zake akiwa amesimama maabara; huhamia, kwa hesabu, katika kitovu cha tungamo cha viini viwili. Akiwa hapo, viini vyote viwili vinakuja na vyote viwili vinakutana. Kwa hiyo sentensi mbili zifuatazo zote ni sahihi, ila kila moja ina mahali pake: Ioni za dhahabu ziligonga shabaha ya dhahabu ni sentensi ya fundi wa mtambo, Viini vya dhahabu viligongana ni sentensi ya mchambuzi. Sijui lugha nyingi zinazoweza kuonyesha mabadiliko ya mahali pa mtazamaji kwa mofimu moja. Ni utajiri tulio nao bila kuutafuta.

Viini viwili mara chache hukutana uso kwa uso kabisa. Kwa kawaida kimoja hupita kwa ubavu wa kingine, kama malori mawili yakutanayo kwenye barabara nyembamba yakakwaruzana: sehemu zilizopandana huumia, sehemu za nje huendelea na safari. Umbali kati ya mistari ya vitovu vya viini hivyo viwili ndio unaoamua sehemu gani itahusika. Ninauita umbali wa kupishana. Ukiwa sifuri, hakuna kupishana. Ukikaribia jumla ya nusu vipenyo vya viini hivyo, karibu chote ni kupishana tu. Umbali huu haupimiki kwa rula. Hukadiriwa kwa wingi wa chembe zilizotoka, kwa kuwa mgongano wa katikati hutoa chembe nyingi na wa pembeni hutoa chache.

Hapa pana suala la ngeli linalostahili kutuliwa. Wanafizikia wa Magharibi huziita nyukleoni za sehemu zilizopandana kwa jina lenye maana ya washiriki, na zile za nje kwa jina la watu wanaotazama mchezo uwanjani. Wengi wetu tumefasiri hivyo hivyo: washiriki na watazamaji. Matokeo yake ni sentensi kama Nyutroni watazamaji wanaendelea mbele, ambamo ngeli ya watu imepenya katika chembe na kuzipa macho. Sikatai sitiari katika sayansi. Ninalokataa ni sitiari inayosema uongo juu ya tendo: nyukleoni hizo hazitazami, zinapita, na kupita kwao, kama tutakavyoona, kuna matokeo makubwa. Ngeli ya KI-VI inatufaa: vishiriki kwa zile zilizopandana na vipita njia kwa zile zilizo nje. Mpita njia anajulikana kila kijiji. Hakuja kwa ajili ya ugomvi, lakini akiwa amesimama mlangoni ugomvi hauwezi kutokea nje kupitia kwake.

6.0 Mkondo wa pamoja

Sasa tufike kwenye istilahi ngumu kuliko zote. Mwaka 1974 Scheid, Müller na Greiner walitoa hoja kwamba mata ya viini ikigongana kwa kasi ya kutosha itasongamana na kusukumana kama kimiminika. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, kikundi cha watafiti waliokuwa wakitumia kigunduzi kilichojulikana kama Plastic Ball huko Bevalac walitangaza kwamba katika migongano ya niobi kwa niobi yenye nishati ya MeV 400 kwa kila nyukleoni, chembe zilizotoka hazikutawanyika sawasawa. Zilisukumwa upande mmoja. Kila chembe ilikuwa na mwendo wake wa vurugu utokanao na joto, lakini juu ya vurugu hiyo palikuwapo mwendo wa wote.

Msomaji aliyewahi kushuka kwenye kivuko cha Magogoni asubuhi anaifahamu hali hiyo. Kila abiria ana haraka yake na njia yake; mmoja anakata kushoto, mwingine anarudi kumtafuta mtoto. Lakini mlango ni mmoja, msukumo uko nyuma, na umati mzima unasogea kuelekea barabarani. Ukimpima mtu mmoja hutajua kitu. Ukijumlisha hatua za wote, vurugu hujifuta na mwelekeo hubaki. Kipimo cha mwendo huu katika fizikia ni jumla ya namna hiyo hasa.

Je, uitwe mtiririko? Neno hilo ndilo linalopendwa na wafasiri wengi. Linatokana na -tiririka, kitenzi cha machozi, jasho na maji ya bomba bovu: mwendo mwembamba, wa polepole, usiokatika. Tukio tunalolieleza ni fupi kuliko fikira, na halina uembamba wowote. Mfumuko unao ukali unaotakiwa, lakini unakwenda pande zote, na wachumi wameutwaa kwa bei. Mbubujiko unakwenda juu.

Mkondo una sifa ambayo mengine yote hayana: una mwelekeo uliowekwa na umbo la mahali. Mkondo wa mto unafuata kingo. Mkondo wa bahari unafuata pwani na upepo. Wakazi wa kando ya Mto Ruvuma wanajua kwamba maji ya mto huo hugawanyika katika mikondo baina ya visiwa vya mchanga, na kwamba si maji yenyewe yanayouchagua mkondo. Ndivyo ilivyo katika mgongano. Chembe zinasukumwa kufuatana na umbo la eneo lililopandana na mahali vilipo vipita njia.

Pingamizi liko, nalo ni zito: vitabu vya shule vimekwisha kulizoea neno mkondo kwa umeme. Kanuni ya istilahi moja kwa dhana moja, ambayo wataalamu wa istilahi wameisisitiza kwa miaka mingi, ingetukataza. Nadhani kanuni hiyo inafaa ndani ya somo moja dogo kuliko katika sayansi nzima. Hakuna sentensi ya kweli ambamo mkondo wa umeme na mkondo wa pamoja vingechanganywa, kwa sababu kivumishi hakiachwi. Kwa upande mwingine, mtiririko ungeleta picha isiyo ya kweli kila mara, hata katika sentensi ambayo haina utata. Kati ya neno lenye maana mbili za kweli na neno lenye maana moja ya uongo, ninachagua la kwanza.

Mkondo hauna maana bila kujua upande wake, na upande huo hubadilika kutoka mgongano mmoja hadi mwingine. Tukichora mstari wa mwale na mstari wa umbali wa kupishana, mistari hiyo miwili inatupa bapa: nitaliita bapa la mgongano. Mwaka 1985 Danielewicz na Odyniec walionyesha namna ya kulikadiria bapa hilo kwa kujumlisha momentamu za kukingama za chembe, zile za mbele zikipewa alama ya kujumlisha na za nyuma alama ya kutoa. Walitahadharisha pia kwamba chembe inayochunguzwa isitumike katika kulitafuta bapa lenyewe. Vinginevyo itaonekana kuufuata mkondo hata kama mkondo haupo. Hapa nyutroni ina faida ambayo haikutazamiwa. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Kent State, kikiongozwa na Richard Madey, kilipopima nyutroni za migongano ya niobi na ya dhahabu huko Bevalac, bapa lilitafutwa kwa chembe zenye chaji zilizogonga ukuta wa plastiki, na nyutroni zilipimwa na vigunduzi vingine mbali zaidi. Shahidi na mshitakiwa hawakuwa mtu mmoja.

Faida nyingine ni kwamba protoni husukumwa na chaji za protoni wenzake, na nyutroni haisukumwi nazo. Mkondo unaoonekana katika nyutroni ni wa msukumo wa mata ya kiini yenyewe.

7.0 Duaradufu na mkamuo

Mgawanyo wa chembe kulizunguka mwale huandikwa hivi:

N(φ) = N₀ [1 + 2v₁ cos φ + 2v₂ cos 2φ]

ambapo φ ni pembe kutoka bapa la mgongano. Namba v₁ hupima kusukumwa upande mmoja wa bapa, nayo ninaiita kipimo cha mkondo wa upande. Namba v₂ hupima kama chembe zimependelea kutoka ndani ya bapa, kulia na kushoto, au nje yake, juu na chini. Umbo lake ni duaradufu, na mkondo wa duaradufu ni jina linalojitosheleza.

Lakini v₂ inaweza kuwa chanya au hasi, na fizikia ya hali hizo mbili ni tofauti. Katika mitambo ya nishati kubwa mno, kama ule wa Brookhaven nchini Marekani ulioanza kazi mwaka 2000, na baadaye ule wa CERN, vipita njia vimekwisha kuondoka kabla vishiriki havijaanza kupanuka. Njia ni nyeupe, chembe hutoka ndani ya bapa, na v₂ ni chanya. Katika nishati ya MeV 400 kwa nyukleoni hali ni kinyume. Vipita njia bado viko hapo, kulia na kushoto, vimeziba. Mata iliyosongamana katikati haina pa kwenda ila juu na chini, na v₂ ni hasi. Mwaka 1993 watafiti wa Darmstadt walichapisha kipimo cha jambo hili kwa nyutroni katika migongano ya dhahabu kwa dhahabu.

Kutoka huku kwa kubanwa kunahitaji neno lake. Mbinyo hautoshi, kwa sababu kubinya ni tendo la mkono tu, halisemi kama kuna kilichotoka. Kiswahili kinacho kitenzi kinachounganisha kubana na kutoka katika shina moja: -kamua. Mpishi anayekamua nazi katika kifumbu hubana pande mbili, na tui hutoka pale ambapo mkono haukuziba. Machicha hubaki. Ninapendekeza mkamuo, na kwa namba, kipimo cha mkamuo, yaani v₂ iliyo hasi ikiandikwa bila alama ya kutoa. Mkamuo ni aina ya mkondo wa duaradufu, si mshindani wake. Kamusi itakayoviweka kama visawe itakuwa imekosea.

Faida ya kuwa na neno hili inaonekana katika jaribio la Darmstadt la mwaka 2011, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Watafiti walilinganisha mkondo wa duaradufu wa nyutroni na ule wa chembe zenye chaji katika mgongano ule ule wa dhahabu. Ikiwa mata yenye nyutroni nyingi ina kanieneo kubwa zaidi inapobanwa, nyutroni zitakamuliwa kwa nguvu zaidi kuliko protoni. Uwiano wa mikamuo hiyo miwili, basi, unaeleza ugumu wa mata ambayo hatuwezi kuigusa popote duniani kwa zaidi ya muda huo mfupi, lakini ambayo ndiyo iliyojaza nyota za nyutroni, zenye tungamo kuliko ya jua na upana usiozidi safari ya kutoka mji mmoja wa mkoa hadi kijiji cha jirani. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano yatokanayo na nyota mbili za namna hiyo kugongana yaliifikia dunia, na wanafizikia waliweza kulinganisha ugumu uliosomwa angani na ule uliosomwa katika plastiki ya maabara.

Jedwali la matokeo ya jaribio kama hilo sasa linaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kuacha safu yoyote tupu: umbali wa kupishana, muda wa safari, nyutroni za kando zilizoondolewa, mkondo wa upande, mkamuo wa nyutroni, mkamuo wa protoni, uwiano. Safu moja tu inabaki kunisumbua, ile inayoeleza kiasi ambacho bapa lililokadiriwa linatofautiana na bapa la kweli. Walimu wa Mbesa waliiita mpindo. Mimi ningeegemea ukengeufu, ila sijaridhika, maana kukengeuka ni kuiacha njia uliyoijua, na mwanafizikia hapa hakuijua.